Amri ya Miezi Sita

Isbel Mouat, miaka themanini na mmoja,
nyumba ya mwisho kabla barabara haijaishia mawimbini.
Shetland, Desemba:
saa tisa alasiri taa zishawashwa,
na upepo unabisha hodi kuliko jirani yeyote.

Nilifika na faili na viatu vya matope.
Magnie, mwanawe, akafungua mlango kiasi cha pua,
akasema mama amelala.
Mama alikuwa nyuma yake, wima,
amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sheria yataka nimwone peke yake.
Sheria haisemi utamtoaje jikoni
mwanamume wa kilo mia na kumi anayekuchemshia chai
taratibu, taratibu,
kwa ukarimu wa mtu anayevuta muda.

Tulipobaki wawili niliona:
friji ina kufuli.
Simu imeng'olewa, ukutani imebaki alama yake,
nyeupe kuliko rangi iliyoizunguka.
Analala kitini. Kitandani kuna mabuti ya mtu mwingine.
Na kadi ya pensheni?
"Magnie ananitunzia."
Na hiyo ya mkononi, iliyoanza kugeuka manjano?
"Mlango," akasema. "Mlango huu una hasira."

Uchungu wa mwana, tunaambiwa, aujuaye mzazi.
Hatukuambiwa ni uchungu upi.

Alikataa. Mara tatu alikataa,
sauti ya chini, macho kwenye ufa wa mlango.
Hataki polisi, hataki mahakama, hataki mtoto wake asemwe
na watu waliomwona akibatizwa.
Nikarudi ofisini na kukataa kwake mfukoni.

Mwanasheria wa baraza akanisomea kifungu:
mtu mzima akikataa kwa hiari yake, ondokeni.
Akikataa kwa kulemewa na yule anayemtegemea,
hakimu aweza kuamua bila ridhaa yake.
Basi nikatumwa tena, safari hii nikapime
hofu inaishia wapi, mapenzi yanaanzia wapi.
Fomu ilikuwa na visanduku viwili.
Kalamu yangu ilikaa hewani
mpaka chai ikapoa.
Kisha nikatia alama. Niliitia mimi, si sheria.

Hakimu wa Lerwick alikuwa na mafua.
Kati ya leso na leso alisoma:
Magnus Mouat asikanyage nyumba ile,
wala njia iiendeayo, kwa miezi sita;
akikaidi, akamatwe.
Dakika kumi na moja. Nilitazama saa.

Ukumbini Magnie alinishika kiwiko.
Nikajua sasa naona alichokiona mama.
Lakini alikuwa analia, kamasi ndevuni,
na alichosema ni hiki:
"Kucha zake ni ngumu kama pembe.
Nani atamkata?"

Hilo nalo nikaliandika kwenye faili,
ukurasa wa thelathini na nne. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa friji iko wazi. Kuna siagi, samaki wa moshi,
kopo la pichi alilokula kwa kijiko, amesimama,
kama mtu anayeiba.
Kufuli hajalitupa. Liko kwenye droo,
pamoja na bangili ya karatasi ya hospitali,
ndogo, ya kifundo cha mtoto,
wino wake umefifia kuwa wa samawati.
Kitandani amerudi, ila analala ukingoni,
amemwachia nafasi mtu, au mabuti.

"Imebaki miezi mingapi?" ananiuliza kila Jumanne.
Minne, namwambia. Mitatu na nusu.
Anahesabu kwa vidole, midomo inacheza,
nami nimeshindwa kujua
kama anahesabu kwa woga au kwa hamu,
wala sina kisanduku cha kuweka hilo.

Jumanne iliyopita nilipiga magoti sakafuni,
nikatoa mkasi wa kucha begini.
Alivua soksi, akanyoosha mguu,
baridi, mwepesi, umejaa mishipa.
"Polepole," akasema. "Yeye alikuwa kwanza anailoweka—"
Hakumaliza.
Nikainuka, nikatafuta beseni.